Hiari Yashinda Utumwa: Mchezo Uupendao na Afya Yako



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la afya kwa toleo la muhula huu. Mwanzoni nilidhani nitaandika juu ya malaria au maji safi, kama tulivyozoea. Lakini kuna jambo lililonipata katika shule hii hii, nalo limenifundisha mengi kuliko niliyowafundisha wengine. Kwa hiyo nimeona ni haki niliandike, ingawa ndani yake limo kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu wa zamu desturi yangu ilikuwa hii: mwanafunzi akichelewa mstarini asubuhi, namwamuru azunguke uwanja wa mpira mara tano akikimbia. Nilijisifu kwamba adhabu hii ni bora kuliko kiboko, kwa kuwa hujenga mwili. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye jina lake silitaji, alizunguka uwanja ule karibu kila juma. Alikimbia kama mtu aliyebeba gunia la mahindi kichwani. Tena saa ya michezo ikifika, hakuonekana, alijificha bwenini. Mimi nikamhesabu kuwa mvivu, na katika taarifa ya muhula nikaandika hivyo hivyo, baba yake akaisoma.

Siku ya mahafali, kikundi cha ngoma kilicheza mbele ya wazazi. Je, ni nani aliyekuwa katikati ya duara, njuga miguuni, akiruka na kuinama na kuwaongoza wenzake? Ni yule yule mvivu wangu. Alicheza muda mrefu bila kupumzika, jasho likimtiririka, na uso wake uking'aa kwa furaha. Baadaye nikamwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, mbona ngoma waiweza na mbio huziwezi?"

Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, mbio ni adhabu. Ngoma ni yangu."

Sikuwa na la kumjibu. Na kama kwamba hayo hayatoshi, juma lile lile nilikwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi. Tabibu akanipima na damu pia, akanikazia macho, akasema presha yangu imepanda mno. Nilishangaa, kwa maana sikusikia maumivu yo yote. Akanieleza kuwa presha mara nyingi haipigi hodi. Huingia kimya kimya. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe hufanya mazoezi gani?" Nikatafuta jibu, nisilione. Mimi niliyewaamuru watoto wa watu kukimbia, nilikuwa nimesimama kivulini na filimbi yangu kwa miaka mingi.

Ndipo nilipoanza kusoma juu ya jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

MADEREVA NA MAKONDAKTA WA LONDON

Hapo zamani watu wengi hawakujua hakika kama mwendo wa mwili huulinda moyo. Wengine walidhani kazi za nguvu huuchosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ugonjwa wa moyo ulizidi kuonekana Uingereza, na daktari mmoja, Jerry Morris, akataka kujua sababu. Hakwenda maabara, bali alikwenda kutazama mabasi.

Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili, na kila basi lilikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva alikaa kitini karibu siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli, na kwa siku moja ya kazi alipanda vidato 500 hadi 750. Watu hawa walitoka katika mji mmoja, walifanya kazi katika basi moja na kupumua moshi ule ule. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba mmoja alikaa na mwenziwe alitembea.

Morris na wenzake walichunguza habari za wanaume 31,000 hivi, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, wakatangaza matokeo mwaka 1953 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Kwa mwaka mmoja, kati ya madereva 10,000, watu 27 hivi walishikwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kati ya makondakta 10,000, watu 19 hivi. Tena makondakta walioshikwa hawakufa kwa haraka kama madereva. Akatazama pia watumishi wa posta: wapeleka barua, waliotembea kwa miguu au kupanda baiskeli, walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa mezani.

KISA CHA SURUALI

Sasa, wanafunzi wangu wa Biolojia, nataka mfikiri kidogo. Je, habari hii yatosha kuthibitisha kwamba ngazi ndizo zilizowaokoa makondakta? Huenda mtu akasema: "La! Pengine mtu mnene hupenda kazi ya kukaa, na mtu mwepesi hupenda kazi ya kutembea. Basi si kazi iliyowabagua, bali wao wenyewe walijibagua kabla ya kuingia kazini."

Morris mwenyewe aliliona swali hili. Kwa kuwa watumishi wa mabasi walipewa sare, vipimo vya suruali zao vilikuwa vimeandikwa vitabuni. Yeye na wenzake wakavifungua vitabu hivyo, na mwaka 1956 wakatangaza kwamba viuno vya madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makondakta, hata miongoni mwa vijana. Kumbe ile hoja ilikuwa na kweli ndani yake! Mapenzi ya mtu na hali ya mwili wake huvutana kama watu wawili wanaovuta kamba. Afya ya mtu humfanya apende shughuli fulani, na shughuli ile nayo huibadili afya yake.

Hapa pana fundisho kubwa kuliko habari ya moyo. Ukiona mambo mawili yanafuatana, usikate neno upesi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Mwanachuoni wa kweli huipima hoja yake mwenyewe hata kama kipimo kitamwaibisha.

SAA ZA MAPUMZIKO

Morris hakuishia hapo. Kati ya mwaka 1968 na 1970 waliulizwa watumishi wa serikali 16,882, wanaume wenye umri wa miaka 40 hadi 64, ambao wote kazi yao ilikuwa ya mezani. Siku ya Jumatatu asubuhi kila mmoja aliandika alichofanya Ijumaa na Jumamosi. Sasa tofauti haikuwa ya kazi tena, bali ya kile mtu alichochagua mwenyewe katika saa zake: huyu aliogelea, huyu alilima bustani kwa nguvu, huyu alikaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1973: wale waliochagua shughuli za kutoa jasho walishikwa na ugonjwa wa moyo kwa kadiri ya theluthi moja tu ya wenzao.

Huko Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, watu zaidi ya 8,000 walifuatwa kwa muda wa hadi miaka 25, na habari yao ikatangazwa mwaka 2018. Wachezaji wa tenisi walionekana kuishi miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Wa mpira wa miguu miaka 4.7, wapanda baiskeli miaka 3.7, waogeleaji 3.4; wakimbiaji wa mwendo wa pole 3.2. Wachunguzi wakadhani kwamba kucheza na wenzako, kucheka na kushindana kirafiki, kwaongeza faida. Lakini kumbukeni suruali! Wachezaji wa tenisi huenda walikuwa watu wenye uwezo zaidi, na hali ya maisha nayo hulinda afya. Kwa hiyo asije mtu akauza baiskeli yake anunue raketi.

Mtaniuliza, basi twajuaje hakika? Kuna uchunguzi wa namna nyingine, ambao watu hugawanywa kwa kura: hawa wafanye mazoezi, hawa wasifanye. Hapo mapenzi ya mtu hayana nafasi ya kuchanganya hesabu. Na uchunguzi wa namna hiyo umeonyesha mara nyingi kwamba mazoezi hushusha presha iliyopanda.

MWILINI PANATOKEA NINI?

Moyo ni msuli. Ukiutumia kwa kiasi, siku baada ya siku, hupata nguvu, na kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Kwa hiyo moyo uliozoezwa hupiga mara chache wakati wa kupumzika, kama fundi hodari ambaye nyundo yake haipigi mara mbili palipotosha mara moja. Mishipa ya damu nayo hulainika ikatanuka vizuri. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka katika damu, na ndiyo sababu mwendo wa mwili husaidia kuzuia kisukari cha watu wazima. Mifupa inayobeba uzito huimarika. Usingizi huja vizuri, na moyo wa huzuni huchangamka. Twajua siku hizi kwamba mazoezi huwapunguzia dalili hata wagonjwa wa sonona.

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli ya kuhemesha. Na watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli ya kiasi, au nusu ya muda huo ikiwa ni ya nguvu. Lakini hesabu za mwaka 2016, zilizokusanywa katika nchi 146, zilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kipimo cha dakika 60. Wasichana walipungukiwa zaidi: 85 katika 100, na wavulana 78.

Tusidhani kwamba mfano mwema uko ng'ambo tu. Katika nchi yetu wenyewe, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe waishio kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali walipimwa mapigo ya moyo, na habari zikatangazwa mwaka 2017. Walionekana kufanya shughuli za kuhemesha zaidi ya saa mbili kwa siku, na presha yao haikupanda na umri kama ionekanavyo katika miji mingi. Chakula chao pia ni tofauti na chetu, kwa hiyo tusiupe mwendo sifa yote. Lakini yafaa tutazame.

TUZO ILIYOHARIBU RAHA

Sasa narudi kwa kijana wangu. Kwa nini mbio zilimchukiza?

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitangaza jaribio walilofanya katika shule ya watoto wadogo. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa hiari yao. Kundi la kwanza waliahidiwa hati nzuri yenye utepe kama watachora. Kundi la pili walichora, kisha wakapewa hati bila kutazamia. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, karatasi na kalamu ziliwekwa tena darasani, kila mtoto afanye apendavyo. Wale walioahidiwa tuzo walichora muda mfupi, kama nusu ya wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuka kuwa kibarua, na kibarua bila ujira nani akitakaye?

Jaribio lile lilikuwa la tuzo, si la adhabu. Lakini mimi nilijiuliza: ikiwa hata tuzo yaweza kuipunguza raha ya mtoto, je, adhabu? Kila nilipomwambia mtoto "kimbia kwa kuwa umekosa", nilimfundisha kwamba kukimbia ni uchungu ulipwao kwa makosa. Mtu aliyefundishwa hivyo miaka minne, akimaliza shule na kupata uhuru wake, atakimbia tena kwa nini? Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, nami niliisahau methali hiyo kwa sababu nilikuwa na filimbi.

JE, KAMA NAPENDA KUKAA?

Najua wako wanaocheka sasa hivi na kusema, "Vema, Mwalimu! Mimi napenda kulala na kutazama simu. Kipendacho roho hula nyama mbichi." La, ndugu yangu, sikukupa ruhusa hiyo. Mapenzi si jiwe. Hukua kama mche. Hakuna aliyezaliwa anapenda pilipili, lakini twaila. Mtu hupenda jambo analoliweza, na huliweza jambo alilolijaribu mara nyingi pamoja na watu wasiomcheka. Kwa hiyo usiseme "sipendi michezo" mpaka umejaribu mingi: rede, kuruka kamba, netiboli, mpira, ngoma, baiskeli, jembe la bustani. Bao nalisifu kwa akili, lakini kete haziuhemeshi moyo. Ukimaliza kucheza, simama utembee.

Tena kuna neno la haki nataka kulisema. Si kila jasho ni sawa. Wachunguzi wa Denmark, na hasa Andreas Holtermann, wameonya kwamba kazi nzito ya kubeba na kuinua siku nzima, bila mapumziko na bila hiari, haionekani kuulinda moyo kama mchezo wa saa za nafasi. Na wataalamu wanaendelea kubishana juu ya sababu zake. Basi mzazi asiseme, "Binti yangu hahitaji michezo, maana anateka maji na kutwanga." Kazi hiyo ni ya heshima, nami nimeifanya, lakini msichana naye astahili saa moja iliyo yake, ya kuruka na kucheka na wenziwe. Zile hesabu za 85 na 78 hazikutokana na uvivu wa wasichana. Mara nyingi wamenyimwa nafasi, uwanja, na ruhusa.

TULIYOYAFANYA

Katika mkutano wa walimu nilieleza kosa langu, nikaomba mbio zisitumike tena kama adhabu. Wenzangu wengine walipinga: nidhamu italegea, walisema. Tukakubaliana kujaribu muhula mmoja. Mchelewaji sasa hufagia njia ya mstarini, na kila mwanafunzi huandika shughuli mbili azipendazo kwa saa ya michezo, mradi zihemeshe. Ngoma imehesabiwa, na bustani pia. Haikuwa rahisi. Wako walioandika "kuhesabu magoli", tukawarudishia karatasi. Mipira ya netiboli haitoshi hata sasa, na wachelewaji bado wapo. Lakini bwenini saa kumi jioni hapakai mtu ila mgonjwa.

Yule kijana nilimwomba radhi, na nikamwandikia baba yake barua kufuta neno lile "mvivu". Sisemi kwamba sasa anapenda mbio, hazipendi. Ila muhula huu wenzake walimchagua aongoze nyimbo za mchakamchaka, kwa kuwa sauti yake na mdundo wa miguu yake huwavuta, naye hukimbia mbele akiimba. Mimi hufuata nyuma kabisa, nikitweta. Dawa ya presha naimeza kama nilivyoagizwa, wala sitaiacha bila amri ya tabibu. Lakini kipimo kimeshuka, na jioni nalima bustani yangu ya mchicha, kwa maana hiyo ndiyo ngoma yangu.

Daktari Morris, aliyewahesabu makondakta, aliogelea na kufanya mazoezi hata katika uzee wake mkubwa. Alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99. Mtu mmoja si ushahidi, kama alivyotufundisha mwenyewe. Lakini ni mfano wa kupendeza.

Wanafunzi, tafuteni ngoma yenu mapema. Walimu wenzangu, tusiifanye afya kuwa fimbo. Wazazi, mwulizeni mtoto si alama zake tu, bali pia leo amecheza nini.

MASWALI NA KAZI

1. Keti kimya dakika tano, kisha hesabu mapigo ya mshipa wa mkononi kwa dakika moja. Ruka kamba dakika mbili, uhesabu tena. Yanachukua dakika ngapi kurudi yalivyokuwa? Rudia jaribio baada ya majuma sita ya mchezo uliouchagua.

2. Kwa siku saba andika katika daftari kila shughuli iliyokuhemesha, dakika zake, na kama uliifanya kwa hiari au kwa amri. Jumla ya dakika ni ngapi? Zilizo za hiari ni ngapi?

3. Kijiji kimoja kina wavuvi wenye afya na wenye maduka wenye presha. Jirani yako asema, "Uvuvi huponya." Kwa kukumbuka kisa cha suruali, mjibu kwa sentensi tano.

4. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu alicheza mchezo gani utotoni, na kwa nini aliuacha. Majibu mazuri mleteeni Mhariri kwa toleo lijalo.